Hedifoni za Wakati wa Radi

Ninaogopa radi. Nimeliandika hilo mwanzo kabisa ili nisipate pa kujificha huko mbele, maana kujificha ni kazi niliyoizoea kuliko hata ushonaji, na ushonaji ndio unaonilisha. Nina umri wa kuitwa mama na watu nisiowajua, nina cherehani mbili na binti wa miaka minane, na bado wingu likijikusanya upande wa msitu mimi huacha kushona kabla hata upepo haujafika.

Kwa mtu wa aina yangu, Kakamega si mahali pa kuishi. Mvua ya huku haibahatishi. Msimu ukifika, asubuhi jua huwaka vizuri, unaanika nguo, unajidanganya. Kufika saa nane mchana anga imekuwa nzito, na kabla ya saa kumi radi imeshaanza kupasua. Wenyeji wamezoea. Wanaingiza viti ndani, wanaendelea na mazungumzo yao, wanapandisha sauti kidogo tu. Mimi ninapanga Shirere, katika ploti iliyojaa vyumba vya wanafunzi, na nimewahi kuwasikia vijana hao wakicheka katikati ya ngurumo iliyotikisa vikombe vyangu kabatini. Niliwachukia kwa dakika nzima.

Mama yangu alikuwa na sheria zake za radi, nami nilizibeba zote kutoka kwetu Shianda bila kupunguza hata moja. Kioo kinafunikwa kwa kitambaa. Sufuria na ndoo za chuma zinaondolewa karibu na mlango. Simu inazimwa kabisa. Nguo nyekundu haivaliwi. Kama unayo mwilini, unaivua. Na mlango unafungwa kwa komeo, na ukishafungwa haufunguliwi mpaka mvua ikatike, awe nani anayebisha. Mama alisema radi huingia kwa mlango kama wageni wengine, na ukifungua umeikaribisha.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniharibu masikio.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa zamu kiwandani, wadogo zangu wawili walikuwa wamelala, na mimi na mama tulikuwa tumekaa sakafuni mbali na dirisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi ilibidi mama aseme nami kwa ishara. Ndipo mtu akabisha hodi. Alibisha kwa kiganja kwanza, mara tatu, kisha kwa mpini wa panga. Tulimjua kwa sauti. Alikuwa mkata miwa aliyekata shamba letu na mashamba ya majirani, mtu mpole aliyetupasulia vipande vya muwa tulipokuwa wadogo. "Hodi, mama! Ni mimi!" Mama alinifunika mdomo kwa mkono wake. Hakunibana. Vidole vyake vilinuka kitunguu. Akaninong'oneza sikioni, "Atapita."

Hakupita. Alibisha kwa muda mrefu, na kila ngurumo ilipotulia nilimsikia tena akisema ni yeye. Mwishowe ukaja mlio ambao sitajaribu kuueleza, na baada yake kukawa na mvua tu.

Hakufa. Mvua ilipokatika watu walimkuta chini ya mkaratusi wetu, pale shamba la miwa linapoanza, alikokimbilia tulipokataa kufungua. Mguu mmoja ulikuwa umeungua na masikio yalikuwa yamekufa yote mawili. Akalazwa, akatoka, akarudi kukata miwa kwa kuchechemea. Miaka yote niliyokaa nyumbani alipita kwenye njia yetu akisalimia kwa kelele, kwa kuwa hakujisikia mwenyewe: "Mulembe, mama! Mulembe!" Naye hakuwa na kinyongo. Alimweleza kila mtu kwamba siku ile alibisha sana kwa huyu mama, lakini bahati mbaya mama hakuwanga nyumbani. Mama akiwa karibu alitikisa kichwa kukubali: ndiyo, hakuwepo. Kisha alikwenda nyuma ya jikoni, akakaa huko hadi ile sauti ipotelee kwenye miwa.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Siku ya mazishi, ulipofika wakati wa majirani kusema, mkata miwa alishikwa mkono akaletwa mbele. Amezeeka sasa. Walimpa kipaza sauti ambacho hakukihitaji. "Huyu mama alikuwa mtu ya watu," akasema, na nafikiri alisikika hadi barabarani. "Ile siku radi ilinipiga, hakuwanga kwa nyumba. Angekuwa ndani, angenifungulia." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye jeneza, mtu pekee aliye hai aliyejua, na nikaitikia amina pamoja nao.

Tangu siku hiyo, radi ikipiga, nasikia mlango ukibishwa.

Sijarukwa na akili. Najua ni bati lililolegea, au mlango wa mwanafunzi, au maji yanayodondoka kwenye karai. Najua, na bado nasikia kiganja mara tatu, kisha mpini. Nasimama. Nafika hadi kwenye komeo, naligusa, halafu narudi kukaa. Kwa miaka miwili nilifanya hivyo kila mvua kubwa, na hakuna hata siku moja niliyofungua. Watu wakisikia naogopa radi hudhani naogopa kuungua. Ninachoogopa ni kubishiwa.

Binti yangu alikuwa akikaa nami nyakati hizo, katikati ya kitanda na ukuta, amenishika mikono yote miwili. "Itapita, mama," alikuwa akiniambia. Neno hilo alilipata kwangu, na mimi nilijua nililipata wapi. Mwanzoni niliona ni tabia nzuri ya mtoto mwenye huruma. Halafu siku moja nikamwona amefunika kioo kabla sijasema lolote, wakati anga bado ilikuwa na wingu moja tu, kisha akaiondoa ndoo karibu na mlango. Nilishikwa na woga mpya, mkubwa kuliko ule wa zamani. Niliona ugonjwa wangu umeshahamia kwake, na kwamba nisipofanya kitu upesi ataubeba naye hadi nyumbani kwake, kwa watoto wake.

Nikaamua kutafuta kitu cha kunizuia kusikia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nisiposikia sitaogopa, nisipoogopa mtoto ataona mama ametulia, naye atatulia. Mmoja wa wanafunzi wa ploti ile alikuwa na hedifoni kubwa za kufunika sikio lote, na ukimwita hageuki mpaka umguse bega. Nilimuuliza zinapatikana wapi. Nilimwambia nazitaka kwa sababu ya muziki wao, na maskini aliomba radhi.

Duka lilikuwa mjini, jembamba, katikati ya kinu cha kusaga unga na mafundi wanaofua mabati. Mwenye duka alikuwa mama wa rika langu kutoka Mumias, amejitanda mtandio, na alinipokea kwa salaam aleikum, akaniuliza habari za nyumbani na za kazi kabla ya kuniuliza ninataka nini. Nilipomwambia hedifoni, akanikazia macho.

"Unataka ya kusikiliza ama ya kutosikiliza?"

"Ya kutosikiliza."

"Alhamdulillahi. Wewe ndiyo wa kwanza kusema ukweli."

Akapanga tatu juu ya kioo cha meza. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, na nilipoivaa nilimsikia yeye, kinu, na redio ya duka la pili. "Hiyo inafunika tu," akasema. "Ni ya kuvaa mtu aonekane." Ya pili ilikuwa na kitufe pembeni. Alinieleza kwamba ndani yake mna kijimashine kinachosikiliza kelele ya nje kisha kinaizima kabla haijafika sikioni. Nilimwona kama ananichezea. Hakubishana nami, alimwita jirani amwangalizie duka, akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka mlangoni mwa kinu cha unga, nikiwa nimevaa.

Akabonyeza kitufe, na kinu kikaondoka. Siwezi kusema vingine. Mkanda ulikuwa unazunguka, unga ulikuwa unarushwa, mwenye kinu alikuwa anafungua na kufunga mdomo akimfokea mteja, na mimi nilisikia kitu kidogo kama maji yanayoanza kuchemka. Nilicheka peke yangu mbele ya watu wenye magunia. Nilikuwa bado nacheka fundi wa mabati aliposhusha nyundo, koh, na mlio ukapita moja kwa moja hadi kwenye meno yangu. Niliruka nikakanyaga mguu wa mtu.

Mama wa duka alikuwa ananitazama. Hakucheka.

"Mh," akasema tuliporudi. "Hii inazima kelele ya kufululiza. Injini, feni, mvua. Ile ya ghafla inapita. Na wewe ni ya ghafla ndiyo inakusumbua."

"Wanafunzi hugongagonga milango," nikasema.

"Sawa. Ni wanafunzi."

Akaichukua ya tatu. Ilikuwa nzito na nyeusi, mito yake minene, na ilinibana kichwa kama kitambaa kilichofungwa na mtu mwenye hasira. Nayo ilikuwa na kitufe. Safari hii alinipeleka kwa mafundi wenyewe, akazungumza na mmoja aliyekuwa akitengeneza mfereji wa maji ya mvua, na yule fundi akanitazama kwa mashaka, akatema mate kwenye viganja, akainua nyundo. Nilisimama hatua moja kutoka kwake. Nilifumba macho, kisha nikayafumbua kwa sababu kufumba kulinitisha zaidi. Mkono ulipanda, ukashuka. Bati lilibonyea. Na nilichosikia kilikuwa mbali, kizito, kama mtu anayegonga gunia la mahindi chumba cha tatu. Nikamwashiria apige tena. Akapiga tena na tena, kwa nguvu zake zote, na machozi yakanitoka hapohapo mbele ya karai na majiko.

"Ni hii," nikasema, na inaonekana nilisema kwa kelele sana, maana mafundi wote waligeuka.

Alipokuwa akiifunga, mama wa duka aliniuliza kama nina mtoto nyumbani. Nikamjibu ninaye, msichana.

"Basi hii usivae masikio yote mawili. Acha moja wazi. Mimi siwezi kukuuzia bila kukwambia."

Nikamwambia mtoto anashinda shuleni. Nikamwambia pia ataniona nimetulia, na kutulia kwangu kutamfaa kuliko sikio langu. Hilo hakulielewa, nami sikumfafanulia.

Mvua ya kwanza niliyoivalia ilikuja siku ya mapumziko, binti yangu akiwa nyumbani. Nilifuata sheria zote, nikavaa hedifoni nikiwa nimezima simu, maana kile kitufe chake hakihitaji simu, nikakaa kitandani na pindo la sketi mkononi. Nilishona mishono iliyonyooka wakati mbingu ikiwaka. Nilijiona shujaa. Niliinua macho nimwonyeshe mtoto tabasamu, nikamkuta amekaa mahali petu, kati ya kitanda na ukuta, mikono imelala mapajani, ananitazama. Midomo yake ilisogea. Niliinua upande mmoja wa hedifoni.

"Huogopi tena?"

"Siogopi. Umeona? Ni kelele tu."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole. Nilirudisha hedifoni mahali pake. Hakuwa ametulia, na niliona hivyo, lakini nilijiambia atazoea.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa siku ya shule. Wingu lilikuja mapema kuliko kawaida, jeusi, limekaa chini juu ya paa. Sikuwa na wasiwasi juu ya mtoto. Shuleni kwao mvua ikitishia mwalimu huwaweka wadogo darasani mpaka ikatike, kisha mimi huenda kumchukua kwa miguu. Nikafunika kioo, nikasogeza ndoo, nikazima simu, nikasukuma komeo, nikavaa hedifoni. Nilikaa nimeupa mlango mgongo. Cherehani ni chuma, kwa hivyo nilichukua sketi za sare zilizohitaji pindo la mkono.

Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo jambo gumu kuliandika kuliko yote. Dirisha lilikuwa linageuka jeupe na kuzimika, vikombe vilitetemeka kabatini bila sauti, na ndani ya kichwa changu kulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama, nilikuwa peke yangu na hakuna mtu aliyenibishia. Nilisubiri kile kiganja na hakikuja. Nilisubiri mpini na haukuja. Nikaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa. Nilimaliza sketi mbili.

Maji yaliingia chini ya mlango, kama kawaida yake, na nikayaacha. Mwanga wa dirishani ulipotulia na nikaona matone yamepungua kwenye kioo, nilivua hedifoni. Ilikuwa manyunyu tu. Ngurumo zilikuwa zimehamia upande wa Mumias, zinalalamika huko. Nilichukua ufagio, nikavuta komeo nitoe yale maji.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa sweta jekundu. Lilikuwa katikati ya uwanja, ndani ya maji, mikono yake imetandazwa kushoto na kulia. Sweta la shule. Nililijua kwa kiraka cha kiwiko nilichokishona mwenyewe, na ndani yake hakukuwa na mtoto.

Nimesema naogopa radi, lakini hadi pale nilikuwa sijajua kuogopa. Masikio yangu yalivuma. Hatua chache kutoka kwenye sweta, juu ya jiwe, niliona kile kikopo chake cha bati cha kuwekea kalamu, kimefungwa vizuri, kimewekwa, hakikuanguka. Nilikitazama bila kuelewa. Kisha nikageuza kichwa.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi la wateja, chini ya upenu, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye mlango wangu. Magoti ameyavuta ndani ya sketi. Shati limemganda mwilini, midomo imekuwa rangi ya jivu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja ruhusa.

"Umefika saa ngapi?" Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka, ya kipumbavu kabisa.

"Kabla haijaanza sana."

Nilimbeba. Ni mzito siku hizi, lakini nilimbeba. Nilimvua nguo, nikamfuta, nikamfunga leso mbili, nikawasha jiko na kumtengenezea chai ya maziwa. Meno yake yaligonga ukingo wa kikombe. Nilimsugua miguu hadi viganja vyangu vikawaka.

Alinieleza kidogo kidogo. Aliliona wingu kupitia dirisha la darasa. Akaomba kwenda chooni, akachukua mkoba, akapitia pengo la ua na kukimbia.

"Mbona hukungoja mwalimu?"

"Unaogopanga ukiwa peke yako," akasema.

Nilimwambia si nilishamweleza kwamba siogopi tena. Akatazama chai yake. "Ulisema tu."

Alifika radi ya kwanza ilipopiga. Akabisha. Akaita. Akabisha tena kwa nguvu, mara tatu, halafu akakumbuka kwamba mlango ukishafungwa wakati wa radi haufunguliwi. Hapo akaacha. Akavua sweta kwa sababu ni jekundu na kulitupa mbali. Akatoa kikopo cha bati mkobani na kukipeleka kwenye jiwe, akilowa, kisha akarudi kukaa chini ya upenu na kunyamaza mpaka ipite. Sheria zangu zote alizifuata, moja baada ya nyingine, bila kosa. Muda ule wote mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango, naimba.

"Sikutaka ufungulie radi," akasema.

Akapuliza chai, akaniuliza bila kuinua macho, "Ulikuwa umelala, mama?"

Niliuona uongo ukiwa umeletwa kwangu tayari, umepigwa pasi na kukunjwa. Sikuhitaji hata kuusema. Nilihitaji tu kutikisa kichwa, na najua namna inavyofanywa, nimemwona mama yangu akiifanya kwa miaka mingi. Kichwa kikitikisika mara moja, mtoto angeenda nao hadi uzeeni. Siku ya mazishi yangu angesimama aseme mama alikuwa amelala, angekuwa macho angenifungulia, na watu wangeitikia amina.

"Sikuwa nimelala," nikasema. "Nilikuwa ndani, macho. Nilikuwa nimeziba masikio."

Akaitazama hedifoni kitandani. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka.

"Na kama ungesikia, ungenifungulia?"

Mama yeyote hujibu swali hilo kabla halijaisha. Nilitaka kulijibu hivyo. Lakini nilijiona nikisimama, nikifika kwenye komeo, nikiligusa, nikirudi kukaa, mvua baada ya mvua, miaka miwili mizima, na jibu likanichelewa mdomoni. Halikuchelewa sana. Ni muda wa kuvuta pumzi moja tu. Binti yangu aliacha kupuliza chai.

"Ningefungua," nikasema.

"Sawa," akasema, kwa adabu.

Mvua ikarudi. Huku hurudi hivyo, ukidhani imemaliza. Dirisha likawa jeupe, na papo hapo akaweka kikombe chini, akaja, akanishika mikono yote miwili. "Itapita, mama." Vidole vyake vilikuwa bado baridi. Nikaitoa mikono yangu taratibu kwenye yake, nikasimama.

Kutoka kitandani hadi mlangoni kwangu ni hatua nne. Komeo ni la chuma, na nilipolishika niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha, kwamba nitakufa nikiwa nimelishika. Nililivuta. Nikausukuma mlango hadi ukagonga ukuta wa nje. Radi ikapasuka juu ya paa bila kitu chochote masikioni mwangu, nikapiga ukelele, na wanafunzi wawili wakachungulia dirishani mwao kuona kuna nini. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na benchi, na sweta katikati ya maji.

Nilishika fremu kwa mikono yote miwili nikabaki hapo. Nilikuwa nalia na sikujificha. Baada ya muda nikahisi leso ikinigusa mguuni. Alikuwa amesimama kando yangu, anatazama nje, kisha akanitazama mimi.

"Bisha," nikamwambia.

"Na uko wazi?"

"Bisha tu."

Akainua mkono na kuugonga mlango uliofunguliwa, kwa kiganja, mara tatu.

"Hodi," akasema.

"Karibu," nikasema. Radi ikapiga tena, nikaruka, na sikuufunga.